Mama Nukta na Neno la Ukurasa wa Arobaini na Saba

Kwa miaka ishirini na miwili, kila sala iliyochapishwa katika kiwanda kile ilipita kwanza kwenye meza ya Mama Nukta. Jina hilo alipewa na wachapaji, kwa sababu hapakuwa na nukta wala mkato uliowahi kumponyoka. Kazi yake ilikuwa kusahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa, na kiwanda kilichapa karibu vitabu vya dini tu: vitabu vya sala, mafundisho ya watoto, tafakuri za watu waliokimbilia upweke, maelezo ya wasomi kuhusu Mungu anataka nini kwa binadamu, na mengine, marefu zaidi, kuhusu binadamu anataka nini kwa Mungu.

Kwa hiyo alijua kuliko wengi jinsi watu wanavyozungumza na Mola wao. Wapo wanaomlalamikia kama mpangaji anavyomlalamikia mwenye nyumba. Wapo wanaomsifu kurasa tatu nzima, ndipo waombe kitu kimoja kwa sauti ya chini. Wapo wanaompa masharti. Wenye dini ambao mtaani hawasalimiani, vitabu vyao vililala mezani kwake vimepandana, na makosa yao yalikuwa yale yale: "dhambi" imekosa herufi, "rehema" imeandikwa mara mbili.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa sala. Si kwamba alimkana Mungu. Hakuwa na nafasi tu. Alisoma kila ukurasa kuanzia mstari wa mwisho kwenda wa kwanza, rula ikiwa chini ya mstari, ili maneno yasimchukue.

"Maana ndiyo adui wa kazi hii," alikuwa akiwaambia wageni. "Ukianza kuelewa tu, jicho linateleza."

Mtaani waliamini kinyume chake. Fundi viatu wa kona alimwomba amwombee mgongo. "Wewe Mama, si unashinda na maneno ya Mungu mchana kutwa?"

"Nitakukumbuka, fundi," alijibu, na kweli alimkumbuka kila alipomwona ameinama.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Walibaki wawili tangu mumewe Mama Nukta alipofariki. Bibi yule alisali kila asubuhi sebuleni, na kusali kwake kulikuwa ni kumpangia Mungu kazi za siku. "Usisahau mguu wangu wa kushoto. Wa kushoto, nimesema, si wa kulia kama mwezi uliopita. Na huyu mkwe wangu mlainishe moyo." Mkwe mwenyewe alikuwa jikoni anachemsha chai, anasikia kila kitu.

Basi siku moja alasiri, Mama Nukta alikuwa anamalizia prufu za kitabu kipya cha sala kilichoandikwa na mwalimu mmoja mstaafu. Ukurasa wa arobaini na saba ulikuwa na sala ndefu ya maombi, na kila ombi lilifuatiwa na kiitikio: "Ee Mungu, utusikie." Kiitikio hicho kilirudi mara kumi na nne. Akiwa katikati ya ukurasa akakutana na ombi hili: kwa wale wanaoshinda na maneno yako bila kukuambia wewe hata neno moja.

Akasimama hapo. Akalisoma tena, safari hii kutoka kushoto kwenda kulia kama watu wengine. Rula ikaanguka chini, naye hakuiokota. Akafumba macho, akasema maneno machache ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kisha akajifuta uso, akaandika "Sawa" pembeni, akafungua ukurasa uliofuata.

Chini ya ombi lile palikuwa pameandikwa: "Ee Mungu, tukusikie."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ishirini na miwili alisali kazini mara moja, na mara hiyo moja ndiyo iliyopitisha kosa katika nakala elfu tano.

Aliligundua wiki kadhaa baada ya kitabu kutoka, akiwa jikoni. Mama mkwe alikuwa amepata nakala yake kanisani, naye alikuwa anaisoma kwa sauti. Utusikie, utusikie, utusikie, kisha: "Ee Mungu, tukusikie." Halafu kimya. Kimya kikawa kirefu hata Mama Nukta akatupa kijiko, akakimbilia sebuleni akidhani mzee amekata roho.

"Mama! Mama, vipi?"

"Shh! Nimeambiwa nisikilize."

"Umeambiwa na nani?"

"Si imeandikwa?" Bibi akamwonyesha kwa kidole.

Mama Nukta akatazama, akakaa.

Siku mbili baadaye alikwenda kwa mchungaji, katika ofisi ndogo nyuma ya kanisa, iliyojaa viti vya plastiki vilivyorundikwa hadi dirishani.

"Mchungaji, nimekuja kuungama."

Mchungaji akafunga mlango haraka, uso umemng'aa. Alikuwa amemsubiri mama huyu kwa miaka. Uso ukabadilika alipoona amefungua kitabu.

"Hili hapa ni kosa la chapa," Mama Nukta alisema. "Lilitakiwa liwe 'utusikie' kama mengine. Kosa ni langu."

Mchungaji akavua miwani. Neno hilo alikuwa amelihubiri Jumapili tatu mfululizo. Watu walilia. Mume na mke waliokuwa wameacha kusemezana walirudiana.

"Mama, unajua nimewaeleza nini waumini? Kwamba mwandishi ameliweka mara moja tu katika kumi na nne, kuonyesha kuwa binadamu anasema mara kumi na tatu ndipo asikilize mara moja."

"Hesabu ni sahihi, Mchungaji. Ila mwandishi hakuliweka."

"Basi ameliweka Mungu."

"Mungu hakuwa na prufu mezani. Nilikuwa nazo mimi."

"Na wewe saa hiyo ulikuwa unafanya nini?"

Mama Nukta akatazama viti. Kwa mtu wa kazi yake, jibu la kweli lilikuwa la aibu. "Nilizembea," akasema.

Wiki iliyofuata mwandishi mwenyewe alitinga kiwandani, kitabu kwapani, mwavuli mkononi, anataka kumjua aliyeharibu kazi yake. Mama Nukta akasimama tayari. Lakini meneja alitangulia kumkabidhi barua kumi na moja za wasomaji, zote zikisifu ukurasa wa arobaini na saba. Mwalimu akaanza kuzisoma amesimama. Alipofika ya tatu akavuta kiti. Alipomaliza ya mwisho akakohoa kidogo.

"Kusema kweli," akasema, "hata mimi nilisita sana kabla ya kulichagua neno lile."

Mama Nukta akamwangalia. "Ndiyo, Mwalimu," akajibu.

Kwa chapa ya pili mwalimu akaagiza viitikio vyote kumi na vinne viwe "tukusikie".

"Vyote, Mwalimu? Si uzuri wake ni kuwa peke yake?"

"Mama, wewe angalia nukta. Maana niachie mimi."

Akamwachia. Chapa ya pili haikuwa na kosa hata moja. Jumapili ya kwanza kanisa lilikaa kimya mara kumi na nne. Mara ya sita ilipofika, kuna mtu aliyekuwa anakoroma. Jumapili ya tatu mchungaji alipunguza kimya kikawa pumzi moja. Mwezi ulipokwisha hata pumzi hiyo haikuwepo, na watu waliimba "tukusikie" kwa kasi na kelele zile zile, kila mmoja juu ya mwenzake. Baadaye mchungaji aliandika kijitabu kuhusu neno hilo, na sura ya pili ilieleza jinsi mwandishi alivyofunga na kuomba kabla ya kulipata. Kijitabu kilipita mezani kwa Mama Nukta. Alirekebisha mikato mitatu. Uongo wenyewe ulikuwa na tahajia safi.

Mama mkwe aliikataa chapa mpya. "Zote kumi na nne tusikilize sisi? Sasa shida zetu nani atazisema?" Akabaki na nakala yake ya zamani, na Jumamosi moja alipofika pale katikati akamwita mkwe wake aje akae naye. Wakakaa.

"Unasikia nini, mwanangu?"

"Pampu ya maji ya jirani, Mama."

"Hata mimi. Tungoje aizime."

Wakangoja. Jirani alipoizima akawasha redio, na bibi akainuka, akafungua dirisha, akamweleza kwa sauti iliyofika mtaa wa pili kwamba humu ndani kuna watu wanasikiliza. Mama Nukta akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaketi vizuri, akamsogezea mama mkwe kiti chake, akafumba macho.