Watatu Waliobandika Midomo Kwenye Kioo

Samaki mwekundu alikutwa asubuhi akielea ubavu. Upande uliotazama juu ulikuwa na doa jeupe la mviringo, kama mahali palipobanduliwa stempu. Madame hakupiga kelele. Alimtoa kwa upawa, akamlaza kwenye kisahani cha kikombe cha chai, kisha akaniita kutoka jikoni.

"Angalia hii," alisema. "Iko mutu alimukula."

Nikaangalia. Kwenye tangi la kioo, pale sebuleni, alikuwa amebaki mwekundu mmoja tu, anazunguka pembeni kama mgeni aliyekosa kiti. Chini, kwenye gogo, walikuwa watatu wa kahawia, vichwa vipana, midomo imebandikwa kwenye mti. Tuliwaita nettoyeur, kwa Kifaransa, kwa sababu kazi yao ilikuwa kufyonza uchafu wa kioo.

"Ni mumoja wa hawa," Madame akasema. "Ule mwenye aliwauzisha kule Goma alisema iko aina mbili. Moja iko muzuri, inashika kioo tu. Ingine ikikomaa inashikaka wenzake, inawanyonya. Utanitolea mubaya."

"Ni yupi, Madame?"

"Ningejua ningekuita?"

Samaki wale walikuwa wa mume wake. Yeye na Madame waliishi Goma miaka mingi, wakarudi huku Gisenyi na vitu vyao, na tangi lile likavuka mpaka likiwa limebebwa mapajani. Baadaye mume akarudi Goma kufuata biashara yake, vita vingine vikaanza huko, na tangu hapo hapakuja habari yoyote. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema yu hai. Madame alikuwa akiwahesabu wale wekundu kila asubuhi kabla hajanywa chai, na mimi nilijua, bila kuambiwa, kwamba hakuwa akihesabu samaki.

Sisi tulikuwa watoto watatu. Wazazi wetu walikwisha kufa, na mimi, niliye mkubwa, nilikuwa nimeacha shule kabla ya kumaliza la sita ili mdogo wangu wa kiume aendelee na yake. Madame alitupa chumba cha boyeri, cha watumishi, nyuma ya jiko, nami nikamfanyia kazi zote za nyumba. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikuwa bado anaogopa kubaki peke yake hata chooni. Chumba kile ndicho kilichotufanya tuwe nyumba moja.

"Nimeisha tuma habari kwa baba yenu mudogo," Madame akasema, bila kuniangalia. "Siku ya soko atashuka. Akikuta samaki yangu iko muzima na mwizi ametoka, mutabaki. Kama hapana, awachukue. Mi sina nguvu tena."

Baba mdogo aliishi juu, Bugeshi. Mpango wake ulikuwa unajulikana tangu zamani: mvulana apelekwe Mudende akachunge ng'ombe wa mtu, msichana aende Kanzenze kwa shangazi akalee mtoto, na mimi nitafutiwe mume. Watu watatu, milima mitatu.

Nilianza kwa rangi, kwa kuwa ndiyo niliyoiona. Mmoja alikuwa mweusi kuliko wenzake, madoa yake makubwa. Nikajiambia ndiye. Nikaenda kuteka maji, niliporudi yule mweusi alikuwa amepauka kama udongo mkavu, na mwingine amekuwa mweusi. Nikagonga kioo kidogo kwa kucha; wote watatu wakabadilika. Nikakaa sakafuni na kitambaa changu mkononi. Nilitamani kulia, lakini Madame alikuwa chumba cha pili.

Palikuwa na mama mmoja aliyeuza sambaza, dagaa wa ziwani, karibu na geti letu. Alfajiri alinunua kwa wavuvi, akavuka mpaka na beseni kichwani, na akishauza kule alirudi kwetu na masalio. Nilimweleza shida yangu.

"Samaki ya kunyonya wenzake?" Akacheka mpaka beseni likatikisika. "Mukaange, mutoto yangu! Muweke pilipili! Mwizi haliwi?"

"Mama, nitafukuzwa na watoto."

Akaacha kucheka. Akaweka beseni chini.

"Uliwaangalia na nini? Na macho tu? We, rangi ya samaki ni nguo. Analala na hii, anaamuka na ile. Mutu akiniletea samaki ndogo anasema ni tilapia, mi siangalii rangi. Nafungua bendera ya mugongo, nahesabu vijiti. Kisha nageuza, naangalia tumbo. Tumbo haina aibu."

"Na nikishajua wako mbalimbali, nitajuaje mbaya?"

"Hiyo mi sijui. Lakini ule muzee mwenye aliuzisha, namujua. Anatengenezaka redio kule Goma, sokoni. Nitamuuliza."

Siku iliyofuata, Madame alipokwenda kanisani, nilifanya alivyosema mama wa sambaza. Wavu haukufaa, miiba yao ilinasa kwenye nyuzi. Nikamfunika mmoja mmoja kwa kitambaa kibichi, nikamtia kwenye bakuli la kioo la saladi, nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha na kumtazama kwa chini. Mdogo wangu wa kiume alishika bakuli.

Wa kwanza alikuwa na pezi refu la mgongoni, pana kama tanga. Nililifungua kwa kidole. Vijiti vyake vilizidi kumi. Tumbo lake lilijaa michoro iliyoungana, kama njia za mchwa kwenye mti. Wa pili pezi lake lilikuwa fupi, vijiti saba tu, na tumboni madoa ya duara, kila doa peke yake. Wa tatu naye alikuwa na saba, nikasema huyu na yule ni ndugu. Lakini kichwa chake kilikuwa kipana na bapa zaidi, na ukingo wa pua haukuwa na magamba magumu. Ulikuwa ngozi laini, na kwenye ngozi hiyo palianza kuota vinyweleo vya nyama, kama ndevu za kijana.

"Dada," mdogo wangu akasema, "hawa si aina mbili. Ni tatu."

Niliwarudisha majini. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewasafishia maji nikidhani ni watoto wa mama mmoja. Sasa ningeweza kuwatofautisha hata kwa kivuli: mwenye tanga, mwenye madoa, mwenye ndevu. Na haikunisaidia kitu. Kumjua mtu kwa sura si kujua alichofanya.

Nikawachungulia nilipokuwa nafanya kazi. Mwenye tanga alikuwa mkubwa, na mkubwa hushukiwa haraka. Lakini asubuhi moja, nilipoingia kufungua mapazia, nilimwona mwekundu akikimbia na kitu kimening'inia ubavuni. Nikasogea. Alikuwa mwenye madoa, mpole wao. Akabanduka, akarudi kwenye gogo. Moyo ukaniruka: nimempata! Kabla sijaita, mwenye tanga naye akatoka chini, akapanda taratibu, akamkumbatia mwekundu upande wa pili.

Nilikuwa nimempa mama wa sambaza alama za wale watatu, naye alirudi na jibu siku moja kabla ya soko. Alilitoa kama alivyopewa, akiigiza hata sauti ya mzee.

"Anasema: hakuna mubaya. Mwenye bendera murefu atakuwa mukubwa kama mukono wako, wa ndevu atabaki mudogo, lakini wote wakisikia njaa watashika mwenye kupita. Anasema: uliza wanakula nini."

"Wanakula uchafu wa kioo."

"Na kioo iko na uchafu?"

Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine, nilikuwa nakisugua kioo kile ndani na nje, kwa amri ya Madame, ili wageni wakione kama hewa. Na mume wake alikuwa ameacha agizo: nettoyeur asipewe chakula, akilishwa atasahau kazi. Agizo la mume lilikuwa takatifu, na la kioo vilevile. Kati ya maagizo hayo mawili wale watatu walikuwa wakifa njaa mbele ya macho yetu, wakiwa safi kabisa.

Siku hiyo hiyo nilikata kipande cha boga tulilokuwa tupike sisi, nikakichemsha kidogo, nikakifunga kwenye jiwe kwa uzi, nikakizamisha. Walikaa bila kusogea muda mrefu. Kisha mwenye ndevu akatoka, akapanda juu ya boga, akabandika mdomo. Wenzake wakafuata. Walilifyonza mpaka likabaki ganda.

Siku ya soko baba mdogo alishuka mapema, na nusu gunia la viazi begani. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko, akavua kofia.

"Mvulana ataanzia Mudende kesho," alisema. "Mtu mwenyewe ni mwema, anatoa maziwa."

"Na shule yake, baba?"

"Shule! Wewe uliiacha, umekufa?"

Madame aliniita sebuleni. Alisimama mbele ya tangi, kitenge amekifunga vibaya, kama mtu aliyeamka vibaya. Mwekundu alikuwa hai, kovu ubavuni.

"Nionyeshe mubaya."

"Hayupo, Madame. Wako aina tatu. Huyu ana pezi refu, huyu ana madoa, huyu ana ndevu. Wote walikuwa na njaa. Niliwapa boga."

"Ulimulisha nettoyeur?"

"Ndiyo."

"Bwana yangu alisema usiwape."

"Najua."

"Akirudi atasema nini?"

Ningeweza kumwonyesha mwenye tanga. Alikuwa mkubwa na mbaya wa sura, hakuna ambaye angebisha. Baba mdogo angempeleka kwenye ndoo, na mimi ningebaki na watoto. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini wangebaki wawili wenye njaa na kioo kinachong'aa, na yule mwekundu asingefika Jumatatu.

"Nikikuonyesha mmoja, Madame, samaki wako atakufa," nikasema. "Acha nisisugue kioo cha nyuma. Na uniruhusu niwalishe."

Alikaribia tangi, akaweka kidole pale mwekundu alipokuwa. Samaki akakifuata kidole, akitumaini chakula.

"Bon," alisema mwishowe. "Mubaki. Lakini siku samaki hii ikikufa, sitauliza ilikufa na nini. Unasikia? Sitauliza."

"Nasikia."

Baba mdogo hakukasirika. Alituachia viazi, akakunja gunia lake, akasema atapita tena soko lijalo, na lile litakalofuata, kwa sababu samaki si mtu wa kutegemewa. Mdogo wangu wa kiume alimsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi mbio, kama anayeogopa njia itamvuta.

Nilimkuta mdogo wetu wa mwisho ameketi kitandani. Alikuwa amefunga nguo zake zote ndani ya kitenge cha marehemu mama, fundo kwa fundo, tayari kwa Kanzenze. Nikamwambia hatuendi. Nikanyoosha mkono nimfungulie.

"Acha," alisema. "Leo hatuendi. Kesho je?"

Hakulifungua furushi. Alilala amelikumbatia, na alipotaka nguo alichomoa moja kwa pembeni, akaivaa, na jioni akairudisha humo humo.