Uso Uliogeukia Ukutani

Baba alipopata kiharusi nilikuwa nyumbani, Kyimo, mwaka wa pili tangu nimalize chuo, sina kazi. Upande wake wa kulia ulikufa wote na maneno yakamtoka. Hospitali walimlaza siku sita. Siku ya sita daktari alimwita kaka yangu pembeni, akamwambia mzee apelekwe Mbeya akapigwe picha ya kichwa, na tusikawie. Kaka akaja na baba nyumbani kwa gari la kukodi, barua ya rufaa mfukoni. Safari ya Mbeya ilikuwa iwe kesho yake asubuhi, lakini kwetu mtu mzima hahamishwi kama gunia la parachichi. Ndugu hukaa, wakashauriana, na mwenyewe akaulizwa.

Sasa mwenyewe ataulizwaje, na mdomo hauna sauti? Hapo ndipo nilipojitokeza mimi.

Chuoni nilisoma somo moja tu lililogusa lugha ya mwili. Mengine niliyapata kwenye simu, video moja baada ya nyingine: anayekwepa macho anaficha jambo, anayekunja mikono anajikinga, ambaye mguu wake umeelekea mlangoni anataka kuondoka. Nilikuwa mtu wa kubisha. Nilibishia mahubiri, nilibishia mitishamba ya shangazi, nilibishia hata methali. Hilo la macho sikulibishia. Nadhani ni kwa sababu lilinifanya nijione ninajua kitu ambacho wengine hawakijui, na mhitimu asiye na kazi anakihitaji sana kitu cha namna hiyo.

Nyumbani walinitania.

"Haya, daktari wa macho," kaka aliniambia siku moja tukila, baba akiwa bado mzima. "Nisome mimi."

"Umeshiba, ila unataka kuongeza na unaona aibu."

"Aibu ya nani? Mke wangu ndiye kapika. Leta sahani!"

Mkewe alicheka kutoka jikoni. Hakuwa mezani. Alikuwa ameolewa kwetu miaka mitatu, kutoka Suma, na katika miaka yote hiyo yeye na baba hawakuwahi kutazamana usoni. Ndiyo mila ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe huepukana. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mbele za watu alisema hayo ni mambo ya zamani. Lakini akitoka shambani alianza kukohoa tangu kwenye migomba, wifi apate muda wa kupisha.

"Unamkimbia mzee wa kanisa kama chui," nilimwambia wifi.

"Wewe cheka tu. Hapa ni kwenu. Subiri uolewe, utakimbia mpaka viatu vikuvuke."

Kwa hiyo kila kitu cha baba nilikipeleka mimi, binti yake. Chakula, maji ya kunawa, na alipougua, hadi chombo cha haja. Wifi alipika, akaacha mlangoni, mimi nikachukua.

Siku ya kikao tulimlaza baba sebuleni, kitanda kikiwa kimegusa ukuta, miguu yake ikielekea mlango wa jikoni. Walikuwapo kaka, baba mdogo, na mzee mmoja jirani. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tuliongea kwa kupaza sauti. Niliketi kichwani kwa baba nikaweka utaratibu. Niliueleza kwa ufasaha, kama ninayetetea utafiti wangu.

"Baba, tutakuuliza jambo moja. Ukikubali, fumba macho kidogo kisha ufungue. Ukikataa, geuzia uso ukutani. Umenielewa?"

Akafumba macho, akafungua. Baba mdogo akashangaa, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga! Kumbe mtu yumo ndani!"

Nilijisikia vizuri sana. Wageni walikuwa hawajanywa kitu, na kwa kawaida ningeinuka mimi. Lakini sikutaka kuuacha uso wa baba hata kidogo. Nikaita, "Wifi, tuletee chai!"

Hapakuwa na mwanamke mwingine nyumbani. Wala sikufikiri. Nikageuka na kumuuliza baba, "Twende Mbeya hospitali?"

Akageuzia uso ukutani.

Wifi alikuwa ameingia na chupa ya chai, khanga ameivuta hadi kwenye paji la uso, ameinama, akitembea karibu na ukuta wa pili. Hakuna aliyemtazama. Nilikuwa nimewaambia wote wautazame uso wa mgonjwa.

"Muulize tena, mwanangu," alisema baba mdogo. "Tusije tukamburuta mtu."

Nikauliza tena, polepole, neno kwa neno. Wifi alikuwa amepiga magoti anamimina chai. Baba akajigeuza zaidi, kwa nguvu, hadi mishipa ya shingo ikasimama, na chozi likamtoka. Nililisoma na chozi lenyewe. Nikawaambia, "Anakataa. Na inamuuma kwamba tunamlazimisha. Anataka kubaki kwake."

Kaka alisema, "Daktari kasema tusikawie."

"Mwenye mwili kasema," akajibu baba mdogo. "Tena mara mbili, mbele yetu."

Kaka alinitazama mimi. "Una uhakika?"

Nikasema nina uhakika.

Gari likarudishwa. Tulimrudisha baba chumbani kwake. Nilimlisha uji kwa kijiko, siku kumi na moja, na mara nyingi katika siku hizo alinikazia macho, akayafumba, akayafungua. Akayafumba tena. Nilidhani amechoka. Nilimfuta mdomo nikamwambia, "Pumzika, baba," nikavuta pazia. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, kiharusi kikarudi, na hakikumwacha.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake wakimenya ndizi nyuma ya nyumba, shangazi mmoja aliyetoka Kisondela aliniomba nimsimulie jinsi ndugu yake alivyoaga. Nikasimulia. Nilikwisha kuisimulia mara nyingi na ilikuwa imenyooka: fumba macho ni ndiyo, ukuta ni hapana, akageuka mara mbili, akalia. Wanawake waliitikia kwa huzuni. Niliona kisu cha wifi kimesimama. Baadaye alinifuata nilipokwenda kuchota maji.

"Wifi, hayo ya ukuta mlipatana lini?"

"Siku ile ya kikao. Ulikuwepo, ulileta chai."

"Niliingia, ndiyo. Sikusikia mnasema nini, mvua ilikuwa kubwa. Nilimwona baba kwa pembe ya jicho, amegeuka." Akaweka ndoo chini. "Wifi, alikuwa ananipisha mimi. Miguu hana, angenipisha na nini?"

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na hoja kadhaa tayari mdomoni. Niliikumbuka ile shingo. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyeita chai.

"Nitamwambia kaka," nilisema.

Akanishika mkono, akabana. "Usimwambie. Utasema kosa ni lako, watu watasikia ni langu. Mkamwana aliingia, mzee akafa. Nitakaa wapi mimi?"

Sikumwambia. Nimejaribu kujitetea kwa njia zote ninazozijua. Huenda baba angekataa kweli. Huenda Mbeya wasingeweza kitu. Lakini kila ninapofika hapo nayaona yale macho juu ya kijiko cha uji, yanafumba na kufunguka, na mtu aliyewekewa lugha ya maneno mawili akilirudia moja siku kumi na moja kwa mtu yuleyule aliyemfundisha. Siwezi kuthibitisha. Hata hilo huenda ninalisoma vibaya. Hakuna wa kumuuliza.

Mwezi uliopita tulijengea kaburi. Kaka alikuwa mtulivu kuliko wakati wowote tangu msiba. Husema kinachompa usingizi ni kwamba tulimsikiliza mzee. Chini ya jina alitaka maneno machache, akanipa karatasi nimwandikie fundi, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Alitaka yawe: ALICHAGUA KUBAKI NYUMBANI.

Nikaandika. Fundi alichora herufi kwa msumari kwenye saruji mbichi, taratibu, ulimi ukiwa nje. Wifi alisimama mbali, mtoto mgongoni, akitazama chini.

"Soma uone kama amekosea," kaka aliniambia.

Nikasoma herufi moja moja. Nikamwambia hajakosea.