Marehemu Aliyeketi Kando Yangu

Barua ya kujiunga na chuo cha ualimu ilinifikia Ujiji zikiwa zimebaki siku nane tu kabla ya kuripoti. Ilikuwa imepelekwa kwanza kwenye shule niliyomalizia, ikalala huko, mwishowe ikaletwa na mwalimu mmoja aliyekuwa anashuka kwenye mwalo wa Kibirizi kununua dagaa. Niliisoma nimesimama. Chini kabisa, baada ya orodha ya shuka, ndoo na jembe, palikuwa na mstari uliosema kwamba sisi wa mikoa ya mpakani tuje na barua ya kuthibitisha uraia. Asiye nayo asijisumbue kupanda treni.

Mstari ule haukuwa wa kuchezea. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Maboti yalishusha watu kutoka Kongo, upande wa Kagunga waliingia wa Burundi na vyombo vyao kichwani, na malori yaliwachukua kuwapeleka makambini. Msako ulipita mitaani mara kwa mara. Ujiji, ambako babu za nusu ya majirani zetu walivuka ziwa zamani sana, kila mtu alijikuta anatafuta ushahidi kwamba yeye ni wa hapa. Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikamatwa sokoni akinunua sabuni, akakaa kambini majuma mawili kabla mjomba wake hajamtoa. Na yeye alizaliwa palepale mtaani, kwa mkunga tuliyemjua wote. Aliporudi hakutaka kusalimiana na mtu.

Sasa mimi sikuzaliwa Ujiji. Hapo ndipo penye kazi.

Mama yangu alitoka kijiji kimoja cha ng'ambo, ukingoni mwa ziwa upande wa Kongo. Kwao, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi mzaa mama. Mimba ikifika mwezi wa saba, mwanamke hufungasha, huvushwa, hujifungulia mikononi mwa mama yake, na kitovu cha mtoto huzikwa nyuma ya nyumba ile. Anayezalia mtoto wa kwanza ukweni watu humwangalia kwa jicho la pembeni. Husema huyu hana kwao. Basi mama alivuka na tumbo lake, akarudi baada ya miezi minne mimi nikiwa mgongoni. Wadogo zangu wote wanne walizaliwa Ujiji. Mimi peke yangu ndiye mwenye kitovu ng'ambo, na mpaka mwaka ule nilikuwa nawaringia kwa jambo hilo.

Baba alikuwa fundi wa maboti Kibirizi. Yeye alizaliwa Ujiji, na baba yake pia alizaliwa Ujiji. Lakini aliogopa makaratasi kama wengi wa rika lake. Mtu aliyeweza kuingia kwenye ziwa lililochafuka, akiona muhuri mikono inamtoka jasho. Alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, akarudi na barua iliyosema nimezaliwa Ujiji. "Mengine yote ni kweli," alisema. "Ni hilo moja tu." Kisha akatukalisha, mimi na mama, akatufundisha jibu kama watoto wa chekechea. Mama alikuwa anachuja mawese ya kuuza, hakuinua kichwa.

"Mama, umesikia?" nikamwuliza.

"Masikio ninayo."

Nilipaswa kujua kwamba hilo si jibu.

Ofisi ilikuwa mjini Kigoma, na ilitaka mwombaji aje na mama yake, kwa sababu akina baba, walisema, hawajui watoto wao wamezaliwa saa ngapi wala wapi. Tulikwenda siku ya tano kati ya zile nane. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kila mlango ulipofunguliwa, tuliangalia mikono ya anayetoka, kama ina karatasi. Kijana aliyetutangulia alitoka mikono mitupu, akapita bila kumtazama yeyote. Nilimnong'oneza mama tena, "Ujiji, mama. Neno moja tu." Akanitengeneza kola ya shati.

Afisa alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Tulimwamkia, akaitikia vizuri. Akasoma barua ya mjumbe polepole, akaniuliza nimezaliwa wapi, nikasema Ujiji. Sauti yangu ilitoka nzima. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, huyu binti ulimzalia wapi?"

Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha heshima, amekaa wima.

"Kwa mama yangu."

"Ndiyo wapi huko?"

"Ng'ambo. Huyu ni kifungua mimba wangu, afande. Ningemzalia wapi kwingine?"

Afisa aliweka kalamu chini. "Barua inasema Ujiji. Binti anasema Ujiji. Wewe unasema ng'ambo. Kuna mtu hapa ananidanganya, na kudanganya mbele ya meza hii ni kosa."

Mimi nina hasira za karibu, sijawahi kulikana hilo. Lakini ile ya siku ile ilikuwa imechanganyika na hofu, na mchanganyiko huo hauna adabu. Nilihesabu siku tatu zilizobaki. Nilikumbuka miaka yote ya kusoma kwa kuazima vitabu, wenzangu walioolewa wakanicheka, jinsi nilivyojiapiza kwamba sitauza mawese sokoni. Niliona chuo kinaondoka, na anayekiondoa ni mwanamke aliyeketi kando yangu, vidole vyake vina manjano ya mawese mpaka kwenye kucha.

"Mzee," nikasema, "huyu si mama yangu mzazi. Huyu ni mama mdogo. Mama alifariki nikiwa mchanga. Huyu ananichanganya na mwanawe."

Sikuwa nimepanga. Yalitoka yamenyooka, kana kwamba niliyafanyia mazoezi.

Afisa akamtazama mama. "Ni kweli?"

Mimi nilitazama muhuri uliokuwa mezani. Nilimsikia mama akivuta pumzi. Mwanamke huyu, ambaye dakika moja nyuma hakukubali kusema uongo wa neno moja, asije akaonekana hana kwao, alisema taratibu: "Ndiyo, afande. Mimi ni mama mdogo. Marehemu alikuwa dada yangu. Nimechanganya, unisamehe."

Akaandika. Penye jina la mama aliandika jina la mama yangu, na mbele yake akaandika: marehemu. Kisha akagonga muhuri, akanipa, akanitakia masomo mema.

Njiani mama alisema jambo moja tu, kwamba nisiikunje barua. Nyumbani alimwambia baba, "Wamempa," akarudi kwenye mawese yake. Sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba kosa ni lake, kwamba alijua la kusema akakataa, na kwamba mtu mzima hovyo hulipwa hivyo. Niliondoka na treni siku ya saba. Alinisindikiza hadi stesheni, akanishika mkono, hakunikumbatia.

Chuoni barua ile ilinitangulia kila mahali. Matroni aliniita ofisini kwake kunipa pole. Msichana tuliyelala chumba kimoja, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Kalinzi, alikuwa amefiwa na mama yake mwaka uliotangulia. Alipojua kwamba na mimi ni yatima, alinihesabu kuwa ndugu. Kila Jumapili baada ya ibada alinihadithia habari za mama yake, alivyopika, alivyocheka, halafu ananiuliza, "Wewe unamkumbuka wako?" Nikisema nilikuwa mchanga, ananionea huruma zaidi. Mama yangu alinitumia dagaa na dumu la mawese kwa mkono wa mtu wa treni. Wenzangu wakauliza vimetoka kwa nani. "Kwa mama mdogo," nikasema. Mara ya kwanza ulimi uliniwia mzito. Mara ya tatu sikuuhisi tena. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Yangu ilinichukua mwaka mzima.

Lazima niseme nilikuwa mwanafunzi wa namna gani. Nilikuwa hodari wa kunakili. Shuleni, mwalimu akiandika ubaoni unaandika, akiuliza unamrudishia maneno yake mwenyewe, na mimi nilirudisha bila kupunguza hata nukta. Chuoni nilikutana na mkufunzi wa uraia ambaye hakuyataka. Ukimrudishia maneno yake alichora mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Haya niliyasema mimi. Wewe umesoma wapi?" Nilimchukia muhula mzima. Niliona ananionea.

Muhula uliofuata alitupa kazi. Kila mmoja achukue kipande cha sheria ya nchi, akisome mwenyewe, kisha akieleze kwa maneno ambayo mama anayeuza sokoni atayaelewa. Tulichagua kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia yake. Kikaratasi changu kilisema: uraia. Nilitaka kukirudisha. Akasema, "Ukishaokota umeokota."

Kitabu kilikuwa maktaba, hakina jalada, kwa Kiingereza cha wanasheria ambacho hakipumui. Nilikaa nacho na kamusi alasiri tatu. Alasiri ya tatu nilifika penye maneno ambayo niliyasoma, nikayarudia, nikafungua kamusi kwa maneno niliyoyajua tayari, nikayarudia tena. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi, baba yake akiwa raia wa kuzaliwa, naye ni raia, kwa kurithi. Baba yangu alizaliwa Ujiji, na baba yake alizaliwa Ujiji. Basi. Nilikuwa raia tangu siku bibi aliponipokea kule ng'ambo. Mama angesema kweli yake yote na habari ya kitovu, nami ningesema "ndiyo, mzee, ila baba yangu ni huyu", na tungetoka na karatasi ileile. Jambo pekee lililoweza kuniharibia lilikuwa barua ya mjumbe, yaani uongo wetu.

Nilikaa pale mpaka mtunza maktaba akaanza kufunga madirisha. Familia nzima tulikuwa tumekiogopa kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisoma, na kwa hofu hiyo nilimzika mama yangu akiwa hai, ameketi kando yangu.

Watu huniuliza chuo kilinipa nini, nami huwa najibu kazi, kwa kuwa ndilo jibu wanalolitafuta. Lakini kazi ningeweza kuipata hata kwa kunakili. Chuo kilinizoesha kuuliza: nani kasema, na imeandikwa wapi? Nilipolizoea swali hilo likanigeukia. Nani alisema mama yangu amekufa? Mimi. Imeandikwa wapi? Kwenye faili langu, kwa ajili yangu.

Mkufunzi alisoma kazi yangu, akaniuliza, "Mama wa sokoni ataelewa?" Nikasema nafikiri. Akasema, "Usifikiri. Likizo nenda ukamweleze mmoja. Akielewa, urudi nikupe alama."

Nilimkuta mama uani anachuja mawese. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza sheria ile kwa Kiswahili chetu cha Ujiji, mwanzo mpaka mwisho. Hakuacha kuchuja. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mnunuzi mwenye maneno mengi.

"Baba peke yake anatosha?"

"Anatosha."

"Hata kama kitovu kiko ng'ambo?"

"Hata kama."

Akaweka chujio chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo miye sikuwa na haja ya kufa."

Nililia. Nilipiga magoti pale uani nikasema nisamehe mama, maneno niliyokuwa nimeyachelewesha mwaka na zaidi. Hakuniinua. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Kama umesoma hivyo, basi kesho tuondoke asubuhi. Ukawaambie niko hai."

Nilijua maana yake. Niliyesema uongo mbele ya meza ile ni mimi, na sheria ileile niliyoisoma ilikuwa na ukurasa wake kwa watu kama mimi. Baba alipopata habari alishika kichwa. Alisema mwiba ukishaingia nyamani ukapoa, usiuchokonoe. Kwamba nimebakiza mwaka mmoja tu, nimalize kwanza. Yalikuwa maneno ya busara, na yangenitosha kabisa zamani.

Tulimkuta afisa yuleyule. Nilimwambia yote nimesimama: barua ya mjumbe, mahali nilipozaliwa, baba yangu, na neno nililolisema juu ya mama. Alivua miwani.

"Unajua ninaweza kuwaandikia chuo chako wakurudishe nyumbani?"

"Najua. Nimesoma."

"Na bado umekuja."

"Ndiyo, mzee."

Alitoa faili, akalipekua mpaka penye lile neno. Hakuniuliza mimi tena. Alimgeukia mama. "Mama, mara ya kwanza uliniambia hili, mara ya pili lile. Leo nataka neno moja, nami nitaliandika hilohilo. Huyu binti ni nani wako?"

Mama alinitazama. Alikuwa na haki ya kujibu lolote, na sote watatu tulijua. Nje watu waliitwa majina kwenye benchi, kalamu ya afisa ikangoja juu ya karatasi, naye bado hakujibu, mpaka nikafahamu, kwa kungoja kukanwa, kilichompata siku ile alipovuta pumzi kando yangu.

"Ni kifungua mimba wangu," alisema. "Nilimzalia kwa mama yangu."