Nilivyoona oil ikifika: pickup ya diesel, baridi ya Timau na fundi wa Kiambere

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu, sichangii. Lakini kila wiki naona mtu ameuliza, "Diesel yangu niweke oil gani?" na majibu yanageuka vita. Sina elimu ya magari, mimi ni mkulima wa kabeji. Ila kuna kitu nilikiona kwa macho yangu, na nikikikumbuka bado mwili unasisimka.

Nitasema yote kama yalivyotokea, hata ya kuniaibisha.

Tunaishi juu ya Timau, karibu na mashamba ya ngano. Kuna miezi nyasi zinaamka na barafu.

Tuna double cab ya diesel, turbo, ya zamani, haina mambo ya DPF, kile kichujio cha moshi. Mimi na akina mama watano majirani tunapakia kabeji, viazi na karoti, na mimi ndiye dereva. Nashuka Meru, napita Embu, hadi soko moja upande wa Kiambere kule Mbeere. Naondoka na sweta mbili, nafika nikitafuta kivuli.

Bila hiyo pickup tunarudi kungoja malori ya mabroker yaje shambani yatupangie bei. Tulishaishi hivyo. Hatutaki tena.

Sasa, mwaka jana dipstick ikaanza kuonyesha oil inapungua. Mume wangu, Baba Mwenda, akasema, "Injini kuukuu ni kama mzee. Inataka uji mzito."

Nikaona ana akili. Tukanunua oil nzito kabisa. Kwenye kopo imeandikwa 50 peke yake, hakuna namba nyingine mbele.

Na kweli, ikapungua polepole kuliko kwanza. Tukapongezana.

Halafu asubuhi zikaanza kuwa mbaya. Unawasha, injini inazunguka kwa uvivu kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Ikishika, inalia ka-ka-ka-ka, kama kijiko kwenye bati. Ile taa nyekundu ya oil inabaki kwenye dashboard hadi unaanza kusali.

Fundi mmoja wa mjini akasikiliza dakika mbili, akasema injini imekwisha, tutafute nyingine. Hatukuwa na uwezo huo. Baba Mwenda akapata mnunuzi aliyekubali kuja Jumamosi.

Nilishuka sokoni Jumanne nikijua ni safari ya mwisho. Akina mama walipakia hadi gunia la mwisho. Mmoja alipangusa tu mlango kwa leso, kama mtu anayeaga.

Pale sokoni kuna mama anaitwa Igoki. Nilimjua kwa sababu hununua viazi kwangu. Ana kibanda cha kutengeneza posho mill, zile mashine za kusaga unga, na pikipiki, na malori pia yakimfika anayafungua. Sijui ni nini kilinisukuma. Nilipomaliza kuuza nikampelekea gari.

"Fundi, hebu nisikilizie hii injini kabla gari halijauzwa."

Akaweka bisibisi ndefu kwenye injini, mpini kwenye sikio, akafunga macho. Akasikiliza sehemu moja, akahamia nyingine. Kisha akaniambia nizime, akaingia chini ya gari.

"Mama Mwenda, sisikii ugonjwa hapa."

"Upo. Asubuhi inalia mpaka watoto wanaamka."

"Asubuhi ya wapi?"

"Kwetu. Timau."

Akatoka chini akijipangusa vumbi. "Basi mgonjwa umemleta akiwa amepona kwa jua. Mimi nataka kumwona akiwa anaumwa."

Nilidhani ni maneno tu. Wakuu, yule mama alifunga kibanda, akampigia dadake simu aangalie watoto, akaingia kwenye gari na mfuko wa spana.

Kabla hatujaondoka alinionyesha kitu kimoja. Nyuma ya alternator kuna pampu ndogo inayosaidia breki, na ina kimpira kinachoipelekea oil. Kimpira kilikuwa kimechoka, kinatoa jasho, na oil yote inalala juu ya kile chuma cha kukinga tope. Ndiyo maana hatukuwahi kuiona chini.

"Oil yako haiungui. Inavuja. Mliifanya nzito, ikavuja polepole, mkadhani mmeitibu."

Niligusa kile chuma, kidole kikatoka cheusi.

Embu tukasimama kununua filter, mpira mpya na oil. Alichukua muda mrefu kuliko mimi nikichagua nguo ya Krismasi. Anageuza kopo, anasoma nyuma, anarudisha. Mwishowe akachukua 15W-40 ya diesel.

Aliniambia hivi, na sijawahi kusahau: hiyo 15 yenye W ni tabia ya oil ikiwa baridi. Hiyo 40 ni tabia yake ikiwa moto. "Yako ina tabia moja tu. Huku kwetu inaishi vizuri. Kwenu inaganda."

Tulifika nyumbani jioni. Igoki hakuwa amewahi kuhisi baridi kama ile. Alivaa koti la Baba Mwenda juu ya lake na bado anatetemeka.

Baba Mwenda alimkaribisha vizuri, akampa chai. Kisha akanivuta nje ya jikoni, akaniambia kwa Kimeru, "Huyu si anatengeneza posho mill?"

Akasahau kwamba Kimeru na Kimbeere si mbali sana.

Igoki akajibu kutoka ndani, "Ndiyo. Na posho mill pia ni diesel."

Baba Mwenda akaenda kuangalia ng'ombe waliokuwa wamelala tayari.

Igoki aliomba chupa mbili za soda zinazoonyesha ndani. Moja akatia ile oil yetu iliyobaki kwenye kopo, nyingine akatia mpya. Akaziacha nje juu ya ukuta.

Asubuhi, jua halijatoka, akaziinamisha zote mbili kwa pamoja. Ile mpya ikatembea, nzito kidogo lakini inatembea. Yetu ikabaki pale pale, ikavimba taratibu upande mmoja kama asali kuukuu.

Nilicheka. Igoki hakucheka. Akafungua bonnet, akatoa ule mfuniko wa juu wa injini, akachomoa waya mmoja wa pampu ya diesel ili injini izunguke bila kuwaka. Baba Mwenda akashika ufunguo. Mimi nikashika tochi.

Wakuu, nimeendesha hilo gari miaka mingi na sikuwahi kuona ndani yake. Vile vyuma vidogo vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na kazi yake, safi kama vyombo vya kanisa. Nilikuwa nakalia kitu kama hiki kila siku nikifikiria bei ya kabeji.

"Piga," akasema Igoki.

Vyuma vikaanza kupanda na kushuka. Vikavu. Akamsimamisha Baba Mwenda ili starter ipumzike. Piga tena. Bado. Mara ya tatu ndipo tone moja zito likatokea kwenye tundu, likakaa pale pale.

"Kila asubuhi mnayowasha," akasema, "vinasuguana hivi mpaka oil ifike."

Niliweka mkono mdomoni. Nilikuwa nimelikosea gari lililotulisha.

Siku hiyo nzima alifanya kazi. Alirudisha mfuniko, akawasha injini ipate joto, akamwaga oil yote. Akaweka filter mpya, akakata kimpira kipya akakifunga. Kisha tukajaza ile ya Embu, akaizungusha kidogo, akazima. "Sasa tungoje baridi ifanye kazi yake."

Asubuhi ya pili baridi ilikuwa kali kuliko ya kwanza. Mfuniko ukatolewa tena, waya ukachomolewa, mimi na tochi yangu.

"Piga."

Ikafika.

Sijui niseme vipi. Ilichomoza kwenye tundu la kwanza, ikateremka, ikaingia kwenye chuma cha pili, cha tatu, inang'aa, kama maji ya mfereji yakiingia shamba lililokauka na udongo unakunywa. Vyuma vyote vikalowa. Sauti ikabadilika hata kabla injini haijawaka.

Baba Mwenda akatoka kwenye kiti kuja kuangalia. "Rudieni," akasema.

Nikaenda kupiga mimi. Nikamwona kupitia mwanya wa chini ya bonnet, ameinama juu ya injini. Akavua kofia yake kwenye baridi ile. Sijui kwa nini. Sidhani hata yeye anajua.

Tulipofunga kila kitu na kuwasha, gari liliunguruma mara moja na taa nyekundu ikazima papo hapo. Kuna kelele ndogo ilibaki kwa mbali. Igoki akasema hiyo ni kovu, haitaondoka, lakini kovu halimzuii mtu kulima.

Nikimrudisha nyumbani nilimuuliza alijifunzia wapi. Akatazama nje ya dirisha kidogo.

Alisema zamani alikuwa akiendesha posho mill ya kijiji chao. Oil ikipungua alikuwa anaongeza yoyote aliyopata. Siku moja injini ikakwama, ikafa. Msimu mzima akina mama walibeba mahindi na mtama kichwani hadi kijiji kingine.

"Hakuna aliyenilaumu. Walikuwa wanapita kwangu wakinisalimia vizuri, debe kichwani. Hiyo ndiyo iliniuma. Nikaifungua mwenyewe nione nimeiua vipi."

Niliendesha polepole hadi soko lao likaonekana.

Jumamosi mnunuzi alikuja. Baba Mwenda ndiye alitoka, akamwomba msamaha kwa kumsumbua, na akamweleza habari ya zile chupa mbili kama vile alizigundua yeye.

Nilichojifunza: oil nzito si dawa ya injini kuukuu. Ikipungua, tafuta kwanza inakoenda. Soma nyuma ya kopo na kitabu cha gari lako, kwa sababu hii yangu si lazima iwe yako, hasa nyinyi wenye magari mapya ya DPF. Na fundi akikuhukumia injini kwa dakika mbili, tafuta atakayekubali kuja kuisikia ikiumwa.

Wenye ujuzi nirekebisheni nilipokosea, sitakasirika. Wengine tuambieni: unaendesha nini, unaweka oil gani, na gari lako linalala wapi?