Kitasa Kipya kwenye Mlango wa Bisibisi

Kaka yangu wa pili alikuwa fundi wa funguo. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Msiba wake ulipotangazwa kanisani, watu walitazamana tu mpaka niliposimama nikataja jina hilo, ndipo wakashika vichwa. Jina la ubatizo walikuwa hawalijui.

Kibanda chake cha mabati kilikuwa jirani na kituo cha mabasi, kimebanana kama kabati. Hakuwahi kutia mafuta kwenye kitasa. "Mafuta yanaita vumbi," alisema, halafu alikwangua penseli, akapuliza unga wake ndani ya tundu, na kitasa kilichokuwa kikigoma kikazunguka kama kimebembelezwa.

Mwiko wake ulikuwa mmoja. Ukimwita umefungiwa nje, atafika, ataweka mkoba chini, kisha atauliza, "Mlango huu ni wa nani?" Lazima ajibu mtu anayelala ndani, na jirani amshuhudie. Bila hivyo anabeba mkoba anarudi zake. Siku moja bwana mmoja aliyefukuzwa na mkewe alimfokea, "Mimi ndiye baba wa nyumba hii!"

"Unalala humu?"

Yule bwana akaanza kukohoa.

"Ukimaliza kukohoa, utanikuta kibandani," Bisibisi akasema, akaondoka.

Tulipanga nyumba moja. Kaka mkubwa na mkewe walikaa vyumba vya mbele, mimi na mabinti zangu cha kati, na Bisibisi cha mwisho, karibu na bafu. Uwanja na choo tulishirikiana na wapangaji wengine. Mama yetu alipofariki, kichwa cha Bisibisi kikaanza kumgeuka. Alisema kuna watu wanapumua ndani ya vitasa vyake. Akabadilisha kitasa cha chumba chake, akabadilisha tena, kisha akahamia vya wenzake. Asubuhi moja wapangaji waliamka wakakuta choo kimefungwa, naye amesimama mlangoni na nyundo mkononi. Kwanza walicheka. Aliposhusha nyundo kwenye bega la wifi yangu, kicheko kikaisha. Nilipomshika mkono alinisukuma nikaangukia ukingo wa karo, na hili pengo mnaloliona nikicheka ni la siku ile. Simvishi marehemu utakatifu. Alikuwa anatisha.

Mama mwenye nyumba alituita uwanjani. "Wanangu, yule namwonea huruma, lakini wapangaji wangu wanafunga virago. Mpelekeni akatibiwe, akipona atarudi. Mkishindwa, hameni nyote."

Kumtoa haikuwa rahisi. Ungemfungia nje vipi mtu ambaye kila kitasa pale amekifunga yeye? Kutumia nguvu tuliogopa. Ndipo kaka mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, akasema tuombe pamoja mbele ya chumba chake. Tukaomba. Kaka mkubwa akainua mkono, akasema kwa sauti ili wa ndani asikie, "Mbele za Mungu, mdogo wangu, chumba chako hakuna atakayekigusa. Nenda katibiwe, urudi ulale kitandani kwako."

Kisha sauti ikatoka ndani: "Mama Maombi yupo?"

Hivyo ndivyo alivyozoea kunitania. Nikaitika.

"Wewe unasemaje?"

"Ameahidi mbele za Mungu, kaka. Nimesikia kwa masikio yangu."

Mlango ukafunguka. Alitoka amevaa shati safi, akafunga mwenyewe, akanipa ufunguo wa chumba na wa kibanda. "Hizi kaa nazo wewe," alisema. "Huyu akiomba, mwambie aendelee kuomba." Hata kaka mkubwa alicheka. Tukampandisha garini bila kamba wala kelele.

Hospitali ilimrudisha taratibu. Mwanzoni hakunitambua. Baadaye akaanza kulalamika kwamba milango ya wodi inakwaruza, na muuguzi akaniomba nimletee penseli. Nilijua amepona siku aliponiuliza juu ya jino langu, akainama, akalia.

Siku ya kuruhusiwa, kaka mkubwa aliniambia, "Wewe nenda kamchukue, sisi huku tutaweka mambo sawa." Nikaenda nikiimba. Njiani Bisibisi alishika mfuko wa dawa mapajani, akawa anaeleza atakavyogeuza kitanda kielekee dirishani.

Tulipofika nikampa ufunguo wake. Akautia mlangoni. Haukuingia.

Alichuchumaa, akakitazama kitasa. Kilikuwa kipya, bado kina karatasi ya dukani. Kitanda chake kilikuwa kimesimamishwa nyuma ya bafu, godoro limelowa. Ndani ya chumba redio ilikuwa inaimba.

Kaka mkubwa akatoka akijifuta mdomo. "Ah, mmefika mapema. Sikilizeni, mama mwenye nyumba amekataa katakata. Mimi ningefanyaje? Humo amekaa shemeji yangu kwa sasa."

"Kaka," nikasema, "si uliahidi?"

"Niliahidi ili atoke. Ungependa aue mtu?"

Nikamgeukia Bisibisi. Waya ulikuwa pale kwenye kamba ya nguo. "Kifungue! Ni chumba chako, kifungue!"

Hakuugusa waya. Alimtazama kaka mkubwa, akauliza kwa upole, kama anavyomuuliza mteja, "Mlango huu ni wa nani?"

"Nimeshakwambia. Wa shemeji."

"Anayelala humu ni yeye?"

"Ni yeye."

Bisibisi akasimama, akajipangusa magoti. "Basi mngenunua kitasa cha maana. Hiki hata ukikipigia chafya kinafunguka."

Nilimwomba aje kwangu. Akasema, "Kwako kuna mabinti wakubwa. Watalala vipi na mwendawazimu?" Akachukua ufunguo wa kibanda, baadaye akanichongea wa akiba.

Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba nikiwa nawaka. Alishangaa. "Mimi nikatae? Mimi nilisema akipona arudi! Kaka yenu ndiye aliyeniambia madaktari wamekata tamaa, hatatoka tena."

Mbio nilizotoka nazo kwenda kibandani zilikuwa za bure. Bisibisi aliposikia alisema tu, "Usigombane naye, Mama Maombi. Atakuzika nani?" Nilimpelekea chakula na kumkumbusha dawa, lakini mabati hayazuii baridi, na mvua za mwaka ule zilikuwa za mafuriko. Kifua kilimbana. Nilimkuta ameegemea jiriwa, kile kibanio chake cha vyuma, penseli sikioni, mwili umeshapoa.

Makaburini kaka mkubwa alisimama akasema familia ilimtunza mpaka mwisho. Watu wakaitikia amina. Mimi nilishindwa.

Juzi alinifuata kibandani, amekuja na shemeji yake na mkokoteni wa kubebea vifaa. "Fungua basi, mdogo wangu. Hivi ni vitu vya familia."

Ufunguo ulikuwa kiganjani mwangu. Nikamuuliza, "Mlango huu ni wa nani?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Shemeji yake akatazama matairi ya mkokoteni. Nikauweka ufunguo kifuani nikarudi nyumbani.

Bado tunakaa uwanja mmoja. Tunasalimiana. Jioni nikisali, nikifika pale pa kusamehe ulimi unagoma, nami sitaki kumwahidi Mungu kitu nisichokuwa nacho. Anajua nilipokwama.