Neno Refu Kutoka Shimoni

Kinyaa mimi nilikizika zamani. Kazi yangu ni kuzibua mashimo ya maji taka, na mtu akidumu kwenye kazi hii kama nilivyodumu mimi, pua inakata tamaa yenyewe. Nimeona mafuta ya jikoni yaliyogandamana na nywele, nimeona nepi, nimeona na vitu ambavyo sivitaji kwa sababu huenda unakula. Nikitoka huko naoga, nakula, nalala. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanichefua: shemeji yangu akifungua mdomo.

Shemeji huyo ni mume wa dada yangu mdogo. Mtaa mzima unamwita Kamusi. Shule aliiacha mapema, baba yake alipofariki, akabeba zege, kisha akapata kazi ya kulinda ghala moja, na huko ndiko ugonjwa ulikomwanzia. Mlinzi ana nini cha kufanya? Akawa anasoma magazeti makuukuu yaliyofungiwa vitumbua na misumari, anasoma mpaka matangazo ya vifo, na akikuta neno refu ambalo hakuna mwenye akili timamu analitumia, anaondoka nalo. Maana yake ataitafuta baadaye. Kwanza analitafuna.

"Shaghalabaghala," aliniambia siku moja tukiwa mezani, macho kayafumba. "Shemeji, hebu lisikie. Linapanda ngazi, halafu linashuka."

"Ni upuuzi," nikamjibu. "Sema ovyoovyo, tule."

Dada yangu akacheka mpaka akashika mbavu. Hicho nacho kilinichefua, maana mwanamke mzima, mwenye duka lake la vitambaa, alikubali kuolewa kwa ajili ya hayo hayo. Kulikuwa na jirani yao mmoja mmbeya kupindukia. Kamusi akamwita chakubimbi uso kwa uso, na mama wa watu akashukuru, akidhani amepewa cheo. Dada aliirudia hadithi hiyo kila mgeni alipokuja, na kila mara nilitamani kuhamisha kiti changu nje.

Basi ghala likafungwa, dada akaniomba nimwingize mumewe kwenye kazi yetu, nikamwingiza. Mdogo wako akikuomba utafanyaje?

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Gari linanyonya majimaji kwa bomba, lakini chini linabaki tope zito ambalo bomba haliliwezi. Hapo mtu anashuka na koleo, kamba kiunoni, na mwenzake anabaki juu ameshika ile kamba. Mashimo yale yana hewa mbaya, haionekani, na inaua mtu amesimama. Kwa hiyo wa juu anaita "upo?" na wa chini anajibu. Mafundi wote ninaowajua hujibu "nipo". Kamusi mimi namwita "upo?", yeye ananijibu "kizabizabina", kana kwamba mimi ndiye mfitini.

Nilimgombeza mpaka nikachoka. Akanipa sababu yake, na aliitoa kwa utulivu kabisa, anafunga buti. "Shemeji, 'nipo' hata anayezimia anaimudu. Neno refu linataka kifua. Ukisikia limekatika katikati, wewe vuta."

Niliona anatafuta kisingizio tu. Lakini nilizoea. Nilikuwa nasimama pale juu, uso nimeukunja kama nimelamba shubiri, nasikiliza takataka zinapanda kutoka kwenye takataka, na neno likifika zima nalegeza mkono.

Siku ninayoisimulia tulikuwa kwenye nyumba moja ya wageni. Uani kulikuwa na mgahawa, meza zina vitambaa vyeupe, na shimo lao lilikuwa hapo hapo, limetenganishwa na walaji kwa kiambaza cha mabanzi. Wakati wa chakula cha mchana ndipo walipotuita, maana maji yalikuwa yameanza kurudi jikoni. Kamusi akashuka. Nikaita, akajibu "kinyang'anyiro". Nikaita tena, akajibu "kizabizabina", tena kwa raha zake, na meza ya karibu ikanyamaza.

Meneja akaja, leso puani. "Huyo mtu wenu anawatukana wageni wangu?"

"Hatukani, bosi. Anajibu."

"Wageni wanaacha chakula. Aseme 'nipo' kama binadamu, au fungeni vitu vyenu muondoke, nami nitamweleza tajiri wenu kwa nini."

"Mimi mwenyewe hayo maneno yananichefua kuliko shimo lako," nikamwambia. "Lakini ndiyo yanayonionyesha kama anavuta hewa."

Kamusi alikuwa amesikia yote. Sauti ikatoka chini, ya unyonge. "Acha, shemeji. Nitasema nipo. Tumalize twende."

Meneja akarudi kwenye kivuli. Nikaita, "Upo?" "Nipo." Koleo likaendelea kukwaruza. Nikaita tena. "Nipo." Wallahi nilitarajia kustarehe. Ndilo jambo nililolililia siku zote, mtu ajibu kama watu. Badala yake nikaikaza kamba mkononi. Kila "nipo" ilifanana na mwenzake, sikuweza kupima chochote ndani yake, na mkwaruzo wa koleo ulikuwa unapungua.

"Shemeji, sema neno," nikaita.

"Nipo."

"Neno refu. Lolote."

Koleo likakwaruza mara moja, likaacha. "Nipo."

Dereva wa gari akanigeukia. Hapo nikapiga magoti kwenye ule uchafu, nikaingiza kichwa kwenye mdomo wa shimo, na mbele ya wageni na vitambaa vyao vyeupe nikapiga kelele kwa sauti yangu yote: "Kinyang'anyiro! Sema kinyang'anyiro!"

"Kinya," akajibu. Halafu basi.

Tulivuta mimi na dereva, kamba ikatuchuna viganja. Alitoka amelegea kama nguo iliyolowa, midomo imebadilika rangi. Tukamlaza chali penye upepo, karibu na meza, kwa sababu ndipo palipokuwa na upepo. Kifua kilikuwa kimetulia. Dereva akamfuta tope mdomoni, akampulizia, nami namsukuma kifua namwita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hata nilikuwa nimelisahau. Mwishowe akakohoa.

Meneja akafika, leso bado puani. "Jamani, msimlaze hapo. Watu wanakula."

Nilimtazama yule mtu, viatu vyake vinang'aa, na mwenzangu pale chini anaitafuta pumzi kama anaokota punje, na ghafla kinyaa nilichodhani nimekizika kikanipanda chote kwa pamoja. Nikatapika. Sijawahi kutapika kazini. Kilichotoka kilifika kwenye viatu vyake, na sisemi kwamba nililenga, wala sisemi kwamba sikulenga.

Kamusi alipona, ila mapafu yaliungua. Daktari alisema pumzi itarudi taratibu, mradi ajilazimishe. Akawa anashinda kitandani, mito mitatu mgongoni. Akianza neno linamkatikia njiani, ananitazama, nami nammalizia. Yeye "shaghala", mimi "baghala". Kila silabi ilinikera ikipita ulimini mwangu, lakini nilimalizia. Dada yangu hakucheka tena. Likikatika neno, anainuka anakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Wiki iliyopita tajiri wetu akaja kumwona, mfuko wa machungwa mkononi. Akakaa, akamsifu, akasema nafasi yako ipo palepale, sisi ni familia. Na mimi asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimefanya kazi na mtu mpya aliyevaa buti za Kamusi. Nilitamani kutema mate, nikakumbuka niko nyumbani kwa watu. Alipotoka, Kamusi aliutazama mlango kwa muda.

"Ndumila," akasema. Pumzi ikaisha. Akanigeukia, kama kawaida.

Nililijua. Aliwahi kunitesa nalo mwezi mzima. Dada alikuwa ameshainuka kwenda kwenye vyombo vyake.

"Ndumila nini?" nikauliza. "Hilo silijui mimi."

Akanitazama kwa kinyaa, kinyaa cha kweli, kama mtu aliyekuta kitu kwenye supu yake. Akaufunga mdomo. Akashika kingo za kitanda, kifua kikajaa polepole, mishipa ya shingo ikasimama, na dada yangu akasimama mlangoni na sahani mkononi.

"Ndumilakuwili," akasema, lote kwa mkupuo mmoja. Kisha akakohoa sana, tukamshika huku na huku.