Mablanketi Yaliyorudi Yenyewe

Ndugu yangu mdogo ndiye aliyeandika programu ile, na mimi ndiye niliyetuhumiwa wizi kwa sababu yake. Sasa amezikwa Koboko, karibu na baba. Naweza kusema ilivyokuwa bila kumwaibisha, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuficha.

Sisi ni watoto wa askari wa serikali iliyopinduliwa. Mwaka wa sabini na tisa tulivuka kwenda Zaire na magodoro kichwani. Tuliporudi baada ya miaka, kila kilichopotea mtaani kilitafutwa kwanza kwetu. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipopata kazi ya kutunza stoo ya misaada Koboko, nilivaa funguo shingoni hata nikienda kuoga.

Ndugu yangu alikuwa amesomea kompyuta Kampala, akaajiriwa katika ofisi kuu ya shirika letu, Arua, kule mlimani. Kompyuta moja iliyotegemea jenereta ilihifadhi hesabu ya stoo ya Arua na ya kwangu, na watu wa ofisi waliitazama kila mtu kwenye skrini yake. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinieleza nikaelewa. Ndani ya programu moja mna kazi kadhaa zinazokwenda kwa wakati mmoja. Aliziita nyuzi. Uzi mmoja unaandika safari za malori, mwingine unachapa ripoti, nyingine zinawajibu watu kwenye skrini. Zote zinagusa hesabu ileile.

Siku moja mkubwa wa ofisi alishuka Koboko na ripoti mkononi. Kwa ripoti hiyo, shehena nzima ya mablanketi haikuwepo Arua wala kwangu. Tukahesabu pamoja stooni, yote yakawepo. Akaondoka bila kuaga. Baada ya muda mfupi akarudi na ripoti mbili za siku moja.

"Asubuhi hakuna, mchana iko," alisema. "Nani narudisha?"

Dereva wa lori alikuwa ameegemea mlango. "Mkubwa, huyo mwizi ameokoka! Asubuhi naiba, saa sita natubu."

Wapakiaji wakacheka hadi wakakaa chini. Mkubwa hakucheka. Aliniambia ikitokea tena, nitaacha funguo mezani na kujieleza polisi. Nilijua mtoto wa askari akijieleza polisi anasikilizwa vipi.

Jumapili ndugu yangu alikuja kula kwangu. Alinawa, akakaa, hakugusa chakula.

"Dada, niambie mimi tu. Hakuna mutu unamwazima hii mablanketi?"

"Uliza kwanza hiyo kitu yako ya Arua," nilimjibu, nikaondoa sahani.

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Nilimtazama dereva mikono. Nilijiuliza kwa nini mkubwa huja siku ambazo lori limeondoka. Nilifika mahali pa kuwaza kwamba labda ndugu yangu anauza mali na kuifunika kwa mashine yake, kisha ananiuliza mimi ili mwizi nionekane mimi. Mtoto wa mama yangu, nami nikamwaza hivyo.

Kumbe alirudi Arua akaiuliza kweli hiyo kitu yake. Alichapa ripoti mara kwa mara huku safari za malori zikiingizwa, mpaka akaona. Lori likiondoka, uzi unaoandika ulitoa mablanketi Arua, ukaenda kuhifadhi, ndipo ukarudi kuyaongeza Koboko. Uzi wa ripoti ukipita katikati ya hatua hizo mbili, ulikuta mablanketi hayako popote. Ukipita baadaye, ulikuta yamefika. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyerudisha.

Akaweka kufuli ndani ya programu. La kwanza lilikuwa la mmoja mmoja: anayegusa hesabu, wengine wote wangoje. Hesabu ikanyooka, lakini watu waliotaka kutazama tu wakawa wanangojana bure, na mkubwa akapiga kelele kwamba mashine imekuwa kilema. Ndipo akaweka kufuli la namna nyingine. Wanaosoma wanaingia pamoja, kwa kuwa kutazama hakuharibu kitu. Anayeandika anaingia peke yake, wasomaji wakishatoka, na hakuna anayeingia mpaka amalize hatua zote mbili.

"Kama kisima ya mama," aliniambia.

Nilikijua. Kijijini Dadamu, kwao mama, wanawake huteka maji wengi kwa pamoja. Lakini anayetaka kuzoa tope hulaza tawi njiani. Waliomo ndani wanajaza vyombo vyao na kutoka, wanaokuja wanasimama nyuma ya tawi. Anazoa peke yake, maji yanatulia, anaondoa tawi.

Nilidhani yamekwisha. Siku chache baadaye mkubwa aliniita kwenye redio: "Mama, leo umeficha nini?" Mizigo niliyopokea asubuhi ilikuwa haionekani kwenye skrini za Arua. Ilikuja kuonekana pale wafanyakazi walipokwenda kula. Nikasema sasa wameamua kunimaliza.

Ndugu yangu alipotafuta, alikuta wasomaji hawakatiki. Mmoja hajatoka, mwingine ameshaingia, na mwandishi amesimama nje asubuhi nzima na mizigo yangu.

"Nimesahau tawi," alisema.

Akalirekebisha kufuli: mwandishi akishaanza kungoja, wasomaji wapya wanasimama. Kisha akaniita Arua, akaniketisha mbele ya skrini. Aliwaambia wafanyakazi wote watazame hesabu kwa wakati mmoja, akachapa ripoti juu ya ripoti huku safari ya lori ikiingia. Niliitazama jumla kama mtu anayetazama nyoka. Haikusogea.

"Basi, mama, tuko sawa," alisema mkubwa, kama mtu aliyenikanyaga kidole. Akarudi kwenye chai yake.

Ndugu yangu alinisindikiza hadi kwenye magari ya Koboko. Nilipopanda, akasogea dirishani.

"Nilikuuliza wewe kabla ya mashine," alisema.

"Ndiyo."

"Haikuwa sawa, dada."

Nilimshika mkono kupitia dirishani hadi gari likaondoka. Siku ya arobaini yake watu waliongea mengi kuhusu elimu yake. Mimi nilikaa na wanawake, nikakumbuka mkono ule. Nakumbuka na sahani niliyoiondoa. Nilikaa kazini mpaka stoo ilipofungwa, na sikuwahi tena kuiamini ripoti yoyote kabla ya kuuliza lori liko wapi.